Mstari wa Lugha ya Kigeni

Mimi nimesoma madarasa mawili. Sisemi hivyo ili nionewe huruma; nasema mjue mnasoma maandishi ya nani. Darasa la kwanza nililisoma lote, la pili nikalisoma nusu, kisha baba akafariki na ng'ombe wakataka mchungaji. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe: kuitambua injini inayougua kwa kuisikiliza inavyohema, kuipima pamba kwa vidole viwili, hata kuandika Kiswahili hiki. Mtu wa rika langu yeyote kati ya Kishapu na Geita, muulize ni nani aliyesimika mashine ya kusaga Kharumwa wakati wenzake bado wanamtegemea mke na mchi. Atakutajia jina langu. Kama hanipendi atalitaja kwa chuki, lakini atalitaja.

Huko kusimika mashine kulianza kwa miguu. Katika miaka ya arobaini, ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinachomoza, nilitoka Kishapu kwa mguu hadi mgodi wa dhahabu wa Geita. Niliajiriwa kuosha spana kwa mafuta ya taa. Kuosha tu, hata kushika boliti nilikatazwa. Basi nikaziosha spana zile huku nikimtazama fundi anachukua ipi na anaipeleka wapi, na mwaka wa tatu fundi alipolazwa hospitali kwa homa, injini ya pampu ilizimika shimoni na mimi ndiye niliyeiwasha. Wazungu wawili walisimama wakinitazama kama wanaotazama mbuzi anayesoma gazeti. Kuanzia siku ile niliitwa fundi.

Mdogo wangu ni kitinda mimba. Tulikuwa wawili tu wa kiume kwa mama yetu, na nilipopata nguvu nilimwambia mama: mimi nimeshika spana, huyu atashika kalamu, na ataishika mpaka mwisho, si nusu kama mimi. Akasoma. Alikuwa na kichwa kizuri, siwezi kukataa, ingawa kwa kichwa tulirithi sote wawili mahali pamoja.

Alipokuwa darasa la nane alikuja kwangu Kharumwa likizoni, nikampa kitabu cha mashine yangu, cha Kiingereza, kilichokuwa kimefungwa kwenye gunia tangu niinunue. Akanisomea ukurasa kwa ukurasa, nami nikimsimamisha: "Hapo rudia." Tulipomaliza tukaona kwamba yote niliyokuwa nikifanya kwa kukisia yamo kitabuni vilevile. Watu humsifu aliyekubaliana na kitabu. Mimi kitabu kilikubaliana nami.

Katika likizo ile nilimfundisha pia neno moja ambalo baadaye lilinirudia. Alikuwa anahangaika kufungua nati kwa spana isiyo yake, amevimba mishipa ya shingo. Nikamwambia, "Nati ya kumi na nne haifunguki kwa kumi na tatu, hata ukiwa na nguvu za fahali. Utaiharibu nati na mkono wako. Tafuta spana yake." Akacheka, akatafuta, nati ikafunguka kwa vidole viwili.

Sasa niwaambie habari ya karatasi.

Alipomaliza darasa la kumi katika shule ya bweni upande wa reli, alirudi Kishapu kwa mama na karatasi moja kutoka shuleni. Nilifunga mashine kwa siku nne, nikaenda, kwa sababu karatasi yenyewe ilitaka sahihi ya mlezi, na mlezi ni mimi. Miaka miwili ya mwisho, la kumi na moja na la kumi na mbili, kila mwanafunzi alikuwa achague masomo yake. Atakayochagua ndiyo yatakayoamua ataingia idara gani katika chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa, au hataingia kabisa. Mdogo wangu alitaka udaktari. Alikuwa ameutaka tangu alipopata akili na kusikia kwamba baba alifariki kwa ugonjwa ambao mpaka leo hatuujui jina.

Tulikaa uani. Mama alikuwa anapepeta mtama. Mdogo wangu akasoma mstari mmoja mmoja: Kiingereza, hesabu, fizikia, kemia, biolojia. Kila somo nikaliuliza kazi yake, akanieleza, nikatia alama. Mikono yangu ilikuwa safi. Nilikuwa nimeinawa kwa majivu ili nisiache mafuta kwenye karatasi ya serikali.

"Umebaki mstari mmoja, kaka," akasema.

"Usome."

"Lugha ya kigeni. Naomba uandike Kilatini."

Ungo wa mama ukasimama.

"Kilatini?" akauliza. "Hicho cha padili?" Herufi ya r haikuwahi kumkaa mama ulimini, kama wazee wetu wengi.

"Ndicho, mayu, lakini..."

"Mtoto wa jilani alianza hivyohivyo. Alikuja hapa na Kilatini chake, anakiimba hata akichunga. Yuko wapi sasa? Kavaa kanzu. Mama yake anapalilia pamba peke yake, hana hata mjukuu wa kumchotea maji."

"Yule alikwenda seminari, mayu. Mimi nataka udaktari."

"Kwani Kilatini viko viwili?"

Niwaeleze kilichokuwa ndani ya swali lile. Wakati ule mimi nilikuwa na watoto watatu, wote wa kike, na mke wangu alikuwa amekaa miaka minne bila mimba. Mama alikuwa ameshapiga hesabu yake kimyakimya: nyumba ya baba yetu ilikuwa inamtegemea huyu mdogo. Akivaa kanzu, imefungwa.

"Kaka," akasema mdogo wangu, sasa akinigeukia mimi, "mwalimu anasema idara ya udaktari inadai Kilatini. Majina ya mifupa, ya magonjwa, ya dawa, yote yametoka huko."

"Nimemwona daktari wa mgodi akimshona mtu mguu," nikamkata. "Hakusema neno la Kilatini hata moja. Alitukana kwa Kiingereza, akashona, mguu ukapona."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami mama akicheka kwa neno langu, breki zangu hukatika.

"Hebu niambie," nikaendelea, "kigeni maana yake nini?"

"Kisicho cha kwetu."

"Hapa nyumbani tunasema nini?"

"Kisukuma."

"Na Kiswahili nilikipata wapi mimi? Tumboni mwa mama?"

Akainamisha kichwa. "Ulikipata mgodini."

"Mgodini! Nilifundishwa na Wamanyema na Wahaya, kwa kuchekwa na kwa makofi. Nilikuwa nikisema 'kitu anavunjika' genge zima linaanguka kwa vicheko. Kama hicho si kigeni, kigeni ni kipi tena?"

Sasa ninajua kwamba jibu alikuwa nalo, ila mdogo hamjibu mkubwa wake mbele ya mama yao. Wakati ule nilidhani nimemshinda kwa akili. Nikachukua kalamu, nikaandika KISWAHILI kwa herufi kubwa, zilizonyooka kuliko za karani yeyote wa pamba, nikatia sahihi chini. Nikamwapia mama kwamba mwanawe hatavaa kanzu maadamu mimi niko hai. Akarudia kupepeta. Mdogo wangu aliikunja karatasi taratibu, akaitia katika kitabu, akasema, "Asante, kaka." Hilo asante lilikuwa dogo sana.

Barua yake ilinifikia Kharumwa mvua za masika zilipokuwa zimekwisha kuanza. Dereva wa lori aliniletea, imelowa pembe moja. Nilizima mashine nipate kuisoma. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakalalamika, nikawaambia unga hautakimbia.

Alianza na shikamoo, kama ipasavyo, akauliza hali ya wanangu, akauliza hali ya mashine. Kisha akasema amewekwa darasa la Kiswahili pamoja na vijana wa Tanga na Bagamoyo, ambao wanacheka katika lugha ile na wanaota katika lugha ile, na kwamba ameshika nafasi ya tatu kati yao. Nilitabasamu hapo. Halafu akaandika: mwalimu amemwambia waziwazi kwamba hata akiwa wa kwanza, mlango wa udaktari haufunguki kwa Kiswahili, wala kwa kemia peke yake. Mkuu wa shule amesema anayeweza kubadili mstari ule ni yule aliyetia sahihi, kabla muhula haujaisha. Mwisho kabisa akaandika hivi: "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nati ya kumi na nne haifunguki kwa kumi na tatu hata ukiwa na nguvu za fahali. Nguvu ninazo. Naomba unipe spana yake."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Mtu anaweza kupigwa na adui akajitetea. Lakini ukipigwa kwa neno lako mwenyewe, tena kwa adabu, utajitetea kwa nini?

Mwanamke mmoja akaniuliza, "Fundi, msiba?"

"Hapana," nikamjibu. "Nimeharibu nati."

Ningeweza kuandika barua. Sikuandika, kwa sababu sijawahi kuona injini iliyotengenezwa kwa barua. Nilimwachia mke wangu mashine, naye aliiendesha vizuri, nami ndiye niliyemfundisha, nikapanda lori la pamba kwenda Kishapu. Kwanza ilikuwa nikilegeze kiapo mbele ya yule niliyemwapia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimsomea barua, nikaifasiri Kisukuma, hata pale pa spana. Akachokonoa meno kwa kijiti.

"Kwa hiyo bila hicho Kilatini hatakuwa dakitali."

"Hatakuwa, mayu."

"Na baba yenu tulimzika bila kujua kilichomla."

"Ndiyo."

"Basi nenda. Lakini ukifika kwa huyo mkubwa wa shule, muulize swali langu. Muulize kama Kilatini kinashika."

"Kushika vipi?"

"Kama kifadulo. Wako wanaokipata wakapona, au wote kinawamaliza? Usiludi bila jibu."

Nilipanda treni Shinyanga nimevaa koti la sufu nililolinunua mgodini, joto likinichemsha kama kiazi. Sikulivua. Mtu anayekwenda kukiri kosa asiende amevaa kama mkosaji.

Mkuu wa shule alikuwa Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha vitabuni, safi mno hata kilinitia kiu. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake.

"Ni wewe uliyeandika neno hili?"

"Ndimi."

"Kwa herufi kubwa namna hii."

"Nilitaka lisomeke, bwana."

"Lilisomeka. Nalo si kosa, kwa mtu wa kwenu. Nilipolifikiria niliona una hoja. Ila chuo hakikuulizwa hoja yako."

"Nilikosea," nikasema. Neno lile sikuwa nimelisema mbele ya mtu tangu nilipoacha kuosha spana. Halikuniua. "Nimekuja kuandika Kilatini. Lakini kabla sijaandika, nina swali la mama yangu."

"Uliza."

"Wewe ulisoma Kilatini?"

"Miaka minane."

"Na una mke?"

Alinitazama. Nikamweleza wasiwasi wa mama, wa kanzu, wa mjukuu wa kuchota maji, na swali lenyewe kama alivyoliuliza: kinashika au hakishiki. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliinuka, akafungua dirisha, akaita kwa Kiingereza. Ng'ambo ya kiwanja akatokea mwanamke mwenye kofia pana, na nyuma yake watoto wanne wenye magoti mekundu, wakifukuzana na mbwa.

"Mwambie mama yako," akasema, "hawa ni wanne, na wa tano yumo njiani. Mwambie pia kwamba nilikuwa nikipata maksi nzuri."

Nikaandika KILATINI. Nikatia sahihi. Ndipo aliponieleza bei yake, na haikuwa ya fedha. Darasa lile lilikuwa limekwisha kukimbia muhula mzima. Mdogo wangu hataruhusiwa kuingia katikati kama kuku aliyepotea. Atapimwa siku ya kwanza baada ya likizo ya katikati ya mwaka, kwa yote ambayo wenzake wamesoma. Akishinda, ataingia. Akishindwa, atabaki na Kiswahili.

"Na udaktari?" nikauliza.

"Udaktari basi."

"Mtihani mmoja?"

"Mmoja."

Mdogo wangu alinisindikiza stesheni. Nilimwambia, "Uje moja kwa moja Kharumwa likizo ikifika. Usipite popote." Akauliza atasomeshwa na nani huko, maana Kharumwa nzima hakuna ajuaye Kilatini. Nikamjibu hilo ni kazi yangu, yake ni kuja na daftari.

Kusema kweli nilikuwa namjua mmoja. Alikuwa padri mzee wa misheni iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mashine yangu, na nilikuwa nimemkimbia miaka sita. Kila aliposimamisha pikipiki yake mbele ya mlango wangu ili anisalimu na kunialika, mimi niliingia chini ya mashine, nikagongagonga chuma mpaka aondoke. Hatukuwa waumini wa dini yoyote iliyo kitabuni, na sikutaka mtu anichagulie.

Likizo ilipofika nilimpakia mdogo wangu kwenye kerea ya baiskeli, tukaenda. Tulimkuta padri amesimama kando ya kibanda cha pampu, mikono imejaa grisi, ndevu zimeshika grisi, na masista wanapita na ndoo vichwani.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka mhola," akaitikia. Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu. Kisha akageuka. "Ala! Fundi! Leo umetoka chini ya mashine?"

"Imepona."

"Miaka sita ilikuwa mgonjwa, maskini."

Mdogo wangu akakohoa ili asicheke. Nikaona kuzunguka hakuna faida. "Padri, huyu ni mdogo wangu. Anataka Kilatini cha muhula mzima kwa wiki nne. Pampu yako nitaitengeneza. Ila sharti moja: asiwe padri. Nimemwapia mama."

Mzee akajifuta mikono kwa kanzu yake mwenyewe, akaichafua zaidi. "Fundi, wale ninaowataka wawe mapadri wananikimbia. Nitamkamata wako, asiyetaka, wa nini? Kijana, kaa hapa. Na wewe, usimguse sista wangu yeyote kwa grisi."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi padri na mdogo wangu walikaa barazani pa kibanda na kitabu, mimi nikalala ubavu ndani nikiifungua pampu. Ilikuwa imefungwa na mtu mwenye imani kubwa na ufundi mdogo. Sitasema ni nani. Siku ya tatu ilikuwa imepona kabisa. Nikasema bado. Nikaifungua tena, nikaifunga, nikaifungua. Masikio yangu yalikuwa barazani.

Siku ya tano nilisikia mambo hayaendi. Padri alikuwa akitaja maneno matatu, mdogo wangu akiyafasiri, padri akisema hapana. *Agricola taurum videt.* "Mkulima anamwona fahali." Ndiyo. *Taurum videt agricola.* "Fahali anamwona mkulima." Hapana! Rudia. Na kila akirudia, fahali anamwona mkulima, mpaka sauti ya mdogo wangu ikawa ndogo, na zilikuwa zimepita siku tano kati ya ishirini na nane. Niliisikia ile sauti. Ndiyo aliyoniambia nayo asante uani kwa mama.

Nikatoka kibandani na spana mkononi.

"Padri, samahani. Hayo maneno yanabadilika wapi?"

"Mwishoni," akasema. "*Taurus* akiwa ndiye anayetenda. *Taurum* akitendwa."

"Kwa hiyo mkiani."

"Mkiani, ndiyo."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Ukiingia zizini kwa mtu, unajuaje ng'ombe huyu ni wa nani? Kwa sababu amesimama karibu na mlango?"

"Hapana. Kwa chapa."

"Akihama, akasimama nyuma, chapa inahama?"

"Haihami."

"Sasa wewe mbona unawasoma kwa mahali waliposimama? Soma chapa! Sisi chapa yetu tunaiweka kichwani: mtoto, watoto, kitoto. Hawa wameiweka mkiani. Ng'ombe ni walewale."

Alinitazama mimi, akatazama kitabu. Padri akaandika jingine, maneno yamevurugwa kama ng'ombe wa mnadani. Mdogo wangu akapitisha kidole, si mwanzo wa maneno, mwisho wake. Akafasiri. Padri akaandika la tatu, la nne. Hakukosa hata moja mpaka jua likatufuata barazani.

"Fundi," padri akaniambia, "mimi nimefundisha Kilatini miaka thelathini."

"Pole, padri," nikamjibu.

Nilirudi kibandani kuendelea kutengeneza pampu nzima. Siku ya kumi mzee akaja na kiti, akakiweka barazani kando ya mdogo wangu, akasema kwamba pampu yake imechoka kufunguliwa. Nikakaa. Tangu siku ile nilisoma nami. Kinywa changu kilikitafuna Kilatini kama Kisukuma na padri akawa anaziba uso kwa kofia, lakini mikia niliishika, yote, ya jana na ya kesho, ya mimi na ya wewe. Tukirudi kwa baiskeli nilikuwa nikimwuliza mdogo wangu nyuma kwenye kerea, akijibu, nikimkosoa pale nilipojua na kunyamaza pale nisipojua.

Alikwenda, akapimwa. Aliandika kwamba ameingia darasani, na kwamba mwalimu amemwuliza aliyemfundisha kusoma kwa kidole mwishoni mwa neno ni nani. Aliandika kwamba alimjibu: fundi wa mashine za kusaga.

Miaka miwili ile ya mwisho sina la kuieleza zaidi ya kwamba aliifanya kazi. Akafanya mtihani, akapeleka maombi ng'ambo ya ziwa, akabaki shuleni kidogo kungoja. Mama kwa wakati ule alikuwa amehamia kwangu Kharumwa, na mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, lakini mama hakuacha kungoja habari ile kwa woga wake uleule. Alikuwa amesikia habari za Mwingereza na watoto wake wanne. Alisema Wazungu damu yao ni nyingine.

Simu ya upepo ya mdogo wangu ilipofika posta ya Geita niliitwa, nikaenda kwa baiskeli, na mama akasisitiza kukaa kwenye kerea. Karani alikuwa kijana wa shule, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alinipa karatasi huku anakuna kichwa.

"Mzee, hii imeharibika njiani. Ni neno moja tu, na neno lenyewe si Kiingereza wala si Kiswahili. Nitawauliza wairudie."

Nikaichukua. INTRAVI.

Sikuhitaji padri. Nilipitisha kidole mpaka mwisho, nikaangalia chapa. Mkia ule ni wa mimi, na wa jambo lililokwisha, lisilongoja tena.

"Usiwaulize," nikamwambia karani. "Haikuharibika."

"Unaijua, mzee? Ni lugha gani?"

"Ya kigeni."

Mama alikuwa amenishika mkono wa koti, analivuta. "Anasemaje? Sema! Anasemaje?"

"Anasema, nimeingia."

Akaniachia. Uso wake ukakunjamana. "Kaingia wapi? Seminali?"

"Udaktari, mayu," nikasema, nikamsomea tena neno lile, kwa sauti, ili posta nzima isikie linavyotamkwa.